Rubani mdogo naye ni mtu

Wanaosema Wedge Antilles, rubani wa filamu za Star Wars, ni mtu wa kujazia nafasi tu, naona wanakosea. Katika filamu ya 1977 anajiondoa kwenye shambulio dhidi ya kituo cha adui baada ya chombo chake kuharibiwa. Katika ile ya 1980, yeye na mwenzake anayeketi nyuma yake wanalifunga waya miguuni dude la adui na kuliangusha. Mwaka 1983 anarudi kukipiga kituo cha pili. Hatuonyeshwi wazazi wake wala mapenzi yake. Tunaonyeshwa kazi tu. Kwa sababu yake tunaamini kwamba vita vile vina watu, si mashujaa watatu peke yao.

Wengine watasema hizo ni ndoto za Marekani, hazituhusu huku Masisi, mashariki mwa Kongo. Lakini tarehe 5 Februari 2023 helikopta ya Monusco, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikitoka Beni kwenda Goma, ilipigwa risasi angani. Askari mmoja wa Afrika Kusini alikufa, mwingine akajeruhiwa, na bado helikopta ilifikishwa Goma. Mwezi huohuo waasi wa M23 wakaingia Mushaki, na habari zikahamia huko. Nani aliuliza tena habari za aliyeshika usukani?

Kuna hoja nzito zaidi: kumsifu rubani ni kuwasahau wanaokimbia chini na magodoro kichwani. Ni kweli, kama tunamsifu. Ila kumpa mtu jina si kumsifu. Rubani mwenye jina anaweza kuulizwa alimpiga nani na kwa amri ya nani. Ndege isiyo na mtu ndani ya hadithi haiulizwi kitu.