Waliozima Runinga Baada ya Portland

Tarehe 10 Agosti 2025, mjini Portland katika jimbo la Oregon, dereva Álex Palou alimaliza wa tatu na hapo hapo akatawazwa bingwa wa mbio za magari za IndyCar kwa mara ya nne, huku zikiwa zimebaki mbio mbili msimu kumalizika. Injini hazijapoa, kauli ikaenea kwa mashabiki na wachambuzi: msimu umekufa, Palou ameua mashindano, hakuna tena cha kutazama. Ni kauli inayoudhi, na inaudhi zaidi kwa sababu wanaoitoa hudhani wamesema jambo la busara. Nyuma yake kuna imani pana ambayo mashabiki wa karibu kila mchezo wameimeza bila kuitafuna: kwamba shindano lina thamani pale tu mshindi anapokuwa hajulikani, na kwamba mtu mmoja akiwazidi wenzake mno, kosa ni lake na hasara ni yetu. Katika langalanga za Marekani imani hiyo haina pa kusimama. Huko, kuliko kwingine kokote kwenye mbio za magari, mtu mmoja anapotawala ndipo shabiki anapokuwa na sababu ya kukaza macho.

Sababu iko kwenye gari lenyewe. Kila dereva wa IndyCar anaendesha chasisi ya Dallara, ile ile iliyoingia mashindanoni mwaka 2012 na kupewa jina la DW12 kwa heshima ya Dan Wheldon, aliyefariki katika ajali ya Las Vegas mwezi Oktoba 2011 baada ya kuifanyia majaribio. Injini ni za aina mbili tu, Honda na Chevrolet, zote zenye silinda sita, ujazo wa lita 2.2 na turbo mbili. Matairi ni ya Firestone kwa kila mtu. Usukani hauna msaada wa mitambo, kwa hiyo mikono na mabega ya dereva ndiyo yanayobeba uzito wote wa kona. Timu zina uhuru mdogo, hasa kwenye vifyonza mshtuko na namna ya kurekebisha gari kwa kila njia. Sasa linganisha na Formula One. Mwaka 2023 Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22, na Max Verstappen peke yake akachukua 19. Mwaka 1988 McLaren walishinda 15 kati ya 16. Katika misimu kama hiyo shabiki ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ushindi kilitoka kwa mtu na kiasi gani kilitoka kiwandani, na hatapata jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa wapinzani gari lile lile. IndyCar huwapa. Palou aliposhinda mbio tano kati ya sita za mwanzo za mwaka 2025, yule mchawi wa kiwandani ambaye mashabiki wamezoea kumsingizia hakuwepo. Kilichobaki ni dereva, fundi wake mkuu, na vijana wanaobadili matairi na kujaza mafuta kwa sekunde chache. Anayesema hapo hakuna cha kutazama amekimbia swali lile lile ambalo mchezo huu umejengwa ili kulijibu.

Tena jibu lilikuwa tofauti kila Jumapili, na hilo ndilo linalowaponyoka wanaotazama majedwali ya matokeo badala ya mbio. Huko St. Petersburg, Florida, Palou alianza wa nane akashinda. Huko Thermal, katika jangwa la California, Pato O'Ward aliongoza sehemu kubwa ya mbio. Palou akatunza matairi, akafuta pengo la zaidi ya sekunde kumi na kumpita mwishoni. Road America, njia ndefu ya zaidi ya kilomita sita ndani ya misitu ya Wisconsin, aliipata kwa kubana mafuta: Scott Dixon, mwenzake wa timu na bingwa mara sita, anayesifika kuliko wote kwa ubanaji huo, alilazimika kuingia kuongeza mafuta dakika za mwisho, naye Palou akafika na yale aliyokuwa nayo. Ushindi wa mwendo, ushindi wa matairi, ushindi wa mafuta. Mtu anayeona hayo yote ni kitu kimoja angeona mabao ya kichwa, ya mkwaju wa mbali na ya penalti ni bao moja lililorudiwa.

Halafu kuna Indianapolis. Mataji matatu ya kwanza ya Palou, ya 2021, 2023 na 2024, aliyapata bila kushinda hata mara moja kwenye njia ya mviringo, na wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha. Mviringo una elimu yake. Nigel Mansell alitoka Uingereza akiwa bingwa wa dunia wa 1992, akagonga ukuta Phoenix mapema mwaka 1993 na kuumia mgongo. Alipokwisha kujifunza, alishinda kwenye mviringo mara nne mwaka huo huo na kutwaa taji. Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, aliongoza mizunguko 27 katika Indianapolis 500 ya mwaka 2017 kabla injini haijamfia. Mwaka 2019 alirudi na hata kufuzu hakufuzu, akang'olewa na gari la timu ndogo kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya hamsini ya maili kwa saa. Kwenye njia hiyo ya maili mbili na nusu, kuongoza mwishoni ni hatari, kwa sababu anayekufuata anavutwa na upepo uliopasuliwa na gari lako. Ndivyo Josef Newgarden alivyompokonya Marcus Ericsson ushindi mwaka 2023 na O'Ward mwaka 2024, mara zote mbili katika mzunguko wa mwisho. Mei 2025 Palou alimpita Ericsson ikiwa imebaki mizunguko 14, mapema kuliko wengi walivyotarajia. Mbele yake kulikuwa na magari mawili yaliyoachwa nyuma mzunguko mzima. Badala ya kuhangaika kuyapita, alijibanza nyuma ya magari hayo, akavutwa na upepo yaliyoupasua hadi mzunguko wa mwisho, na Ericsson hakupata nafasi ya kumshambulia. Akawa Mhispania wa kwanza kushinda Indianapolis 500, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza wa mviringo. Kuielewa hila hiyo kunadai uwe umemfuata tangu Machi, ujue anavyopima mambo, ujue alikuwa anakosa nini. Mtu aliyewasha runinga siku hiyo moja aliona gari likifuata magari mawili ya polepole.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu. Husema kwanza kwamba Chip Ganassi Racing, timu ya Palou, ni tajiri. Ni kweli, na Dixon yuko humo humo: katika msimu wa 2025 alishinda mara moja, Mid-Ohio, tena baada ya Palou mwenyewe kuteleza nje ya njia mizunguko ikiwa imebaki michache. Mwenzao wa tatu, Kyffin Simpson, hakushinda kabisa. Meyer Shank, timu iliyokuwa inapata ushirikiano wa kiufundi kutoka Ganassi, nayo haikushinda hata mara moja. Husema pili kwamba Honda walikuwa na injini bora, na hapa wana ushahidi wa kuanzia, kwa kuwa Honda ilishinda mbio zote kumi za mwanzo. Lakini karibu nusu ya magari yote yalikuwa na Honda, na katika msimu mzima walioshinda nayo ni watatu tu: Palou mara nane, Kyle Kirkwood mara tatu, Dixon mara moja. Injini moja ikiwapa watu zaidi ya kumi nafasi ile ile na mmoja akavuna theluthi mbili, injini haijaeleza kitu.

Jibu lao la tatu ndilo dhaifu kuliko yote na ndilo linalopendwa kuliko yote: Palou hana mvuto. Hafoki redioni, hagombani na watu kwenye maegesho, hatupi kofia. Hivi tangu lini ustadi wa kuingia kona kwa kilomita 370 kwa saa ulihitaji kusindikizwa na matusi? Tumezoeshwa na televisheni kutafuta ugomvi kwanza na kazi baadaye, hadi mtu akifanya kazi yake kwa utulivu tunaona kama ametunyima kitu. Dereva asiyelalamika hudharauliwa. Dereva anayeharibu gari na kumlaumu mwenzake hupewa kipindi kizima cha mahojiano. Huo ni upotovu wa macho yetu, na Palou hana deni nao.

Na zile mbio zinazoitwa za msimu uliokufa? Portland penyewe, siku taji lilipoamuliwa, mshindi alikuwa Will Power, akiipa timu ya Penske ushindi wake wa kwanza wa mwaka, wakati mkataba wake unaisha na haijulikani kama ataongezewa. Wiki chache baadaye aliondoka kwenda timu ya Andretti. Huko Milwaukee Palou aliongoza sehemu kubwa ya mizunguko 250, mvua ikaleta bendera ya njano, Christian Rasmussen wa timu ndogo ya Ed Carpenter akaingia kubadili matairi, kisha akayapita magari moja baada ya jingine kwa kushika mistari ya juu ambayo wengine waliiogopa, akampita na bingwa mwenyewe na kupata ushindi wake wa kwanza. Nashville, tarehe 31 Agosti, Newgarden, bingwa wa zamani aliyeandamwa na mikosi mwaka mzima, hatimaye alishinda nyumbani kwao. Aliyetaka kuona watu wakipigania kazi, jina na heshima alikuwa na majuma matatu ya kutosha.

Kama mashabiki wanatafuta kitu kinachouharibu mchezo huu kweli, wasitafute kwa Palou. Roger Penske anamiliki timu, na anamiliki sehemu kubwa ya mashindano yenyewe na ya uwanja wa Indianapolis. Mei 2025 magari mawili ya timu yake, la Newgarden na la Power, yalikutwa na kifaa cha nyuma kilichorekebishwa kinyume cha kanuni siku ya kufuzu. Yakapelekwa mwisho wa safu, na viongozi watatu wa timu wakafukuzwa kazi. Mwaka mmoja kabla yake Newgarden alinyang'anywa ushindi wa St. Petersburg kwa kutumia nguvu ya ziada ya injini wakati usioruhusiwa. Hayo yanastahili hasira. Kadhalika kalenda: msimu wa 2025 ulifungwa mwisho wa Agosti ili kuipisha ligi ya soka la Kimarekani, kisha mashabiki wakaachwa bila mbio hadi Machi. Miezi sita! Hakuna bingwa wa mapema aliyewahi kuupokonya mchezo huu muda mrefu kiasi hicho.

Lakini mashabiki hawa hawadai kalenda ndefu. Wanadai mizengwe. Wanakumbuka kwa hamu kwamba kuanzia 2006 hadi 2022 taji liliamuliwa kila mwaka katika mbio za mwisho, na hawasemi kwamba kwa miaka kadhaa ya kipindi hicho mbio za mwisho zilitoa alama maradufu. Mwaka 2015 Juan Pablo Montoya aliongoza jedwali tangu mbio za kwanza. Akafika mbio za mwisho, Sonoma, alama zikazidishwa mara mbili, Dixon akashinda, wakalingana alama, na taji likaenda kwa Dixon kwa sababu alikuwa ameshinda mara tatu dhidi ya mara mbili za Montoya. Dixon hakuiba kitu. Alikimbia kwa kanuni zilizokuwepo. Kanuni ndizo zilizosema kwamba Jumapili moja ya Agosti ina uzito wa Jumapili mbili za Aprili.

Wengine huenda mbali zaidi na kutaka mchujo wa namna ya NASCAR, ambako kuanzia 2014 hadi 2025 taji liliachiwa madereva wanne katika mbio moja ya mwisho. Mwaka 2025, huko Phoenix, Denny Hamlin alikuwa anaelekea kushinda zikiwa zimebaki dakika chache, bendera ya njano ikatoka, na ubingwa ukaenda kwa Kyle Larson, ambaye hakuongoza hata mzunguko mmoja siku hiyo. Hebu tuhamishie utaratibu huo IndyCar ya mwaka ule ule. Palou alimaliza msimu akiwa karibu alama 200 mbele ya O'Ward. Kwa mchujo, alama hizo zote zingefutwa, na St. Petersburg, Thermal, Road America na Indianapolis zingehesabiwa kama tiketi tu ya kuingilia Nashville. Na Nashville O'Ward alikuwa anaongoza wakati tairi lake la mbele la kulia lilipoharibika na gari likaenda ukutani. Hilo tairi ndilo wanalotaka limchague bingwa.