Mtaji wa Jang'ombe umetoka ugenini

Tangu Julai 2025, Serikali ya Muungano ilipowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, barazani kwetu Jang'ombe kuna neno haliishi: "Na Zanzibar tufanye hivyo hivyo." Leseni za biashara si jambo la Muungano, na amri ile iliishia Tanzania Bara. Ibaki huko. Kuivusha bahari ni kosa, na watakaoumia mwanzo ni hao hao wenye vijiduka wanaoiombea.

Amri yenyewe ni nzito. Uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hotelini wala za utalii, uongozaji watalii, usafi wa nyumba na ofisi: vyote ni vya raia peke yao. Mgeni akipatikana na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6. Raia atakayemsaidia naye ana adhabu yake.

Wanaoitaka hawakukurupuka. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika muda mrefu kwamba wageni wamewaingilia mpaka kwenye rejareja. Huku kwetu, kijana aliyesomea kuongoza watalii huumia kumwona mgeni akiongoza msafara Mji Mkongwe. Nakubali. Asiye na kibali na asiyelipa kodi wana sheria zao, zitumike.

Lakini tuulizane jambo moja: duka la Jang'ombe hufunguliwa kwa fedha ya nani? Benki inataka dhamana, na nyumba aliyonayo mwenye duka ni ya urithi, ya ndugu saba, hakuna awezaye kuiweka rehani peke yake. Basi mtaji hutoka kwa kaka aliyeko Maskati, shangazi aliyeko Dubai, mjomba aliyeko London. Mara huja taslimu, mara huja ndani ya kontena: makochi, mafriji na baiskeli zilizotumika, vinavyouzwa mpaka likapatikana pango la duka.

Na yule kaka, huko Maskati, ni nani? Ni mgeni. Anakula kwa sababu wenye nchi bado hawajamwambia kwamba kazi yake ni ya wenyeji. Oman ina sera ya miaka mingi ya kutenga kazi kwa raia wake, na kila orodha ya kazi hizo inaporefuka, zipo nyumba za Unguja zinazokosa usingizi. Sisi tunaoijua hofu hiyo ndio tunaotaka kumtia mwenzetu?

Tazameni na Wapemba wa Kenya. Walivuka kwa vyombo vyao, wakavua na kuuza samaki Kwale na Kilifi kwa vizazi, bila ya vitambulisho. Januari 2023 Kenya ikawatambua kuwa miongoni mwa jamii zake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kenya hiyo hiyo sasa imelalamika kwamba amri ya Bara inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Ikijibu kwa amri kama hiyo, wa kwanza kufungiwa mlango atakuwa mtu wetu.

Na mgeni akiondoka kesho, mama wa genge la mboga atapata nini? Pango lake halitashuka. Hati ya nyumba ya ndugu saba haitakuwa yake. Daftari la madeni halitajilipa. Anachohitaji ni mkopo unaotazama mauzo yake ya kila siku badala ya kuta za marehemu babu yake. Hilo ndilo la kulipigia kelele, na ndilo silisikii barazani.

Atakayeipeleka hoja ya kuwakataza wageni Baraza la Wawakilishi, kwanza ampigie simu nduguye aliyeko Maskati, amweleze kwa nini mgeni asiachiwe kufungua duka.