Mama anayeomba mkanda upimwe

Ukitaja DNA kwenye kikao cha familia, wengi hudhani kuna mtoto anayekataliwa na baba yake. Ndivyo tulivyozoea. Lakini zipo familia ambazo kwao kipimo hicho kinahusu kama mtoto wao ataishi au atauawa na serikali.

Wazazi wenzangu, wiki hii nawaletea habari za familia ya Rodney Reed wa Bastrop, mji mdogo katika jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 1996 binti wa miaka 19 alikutwa ameuawa huko, amekabwa shingo kwa mkanda wake wa ngozi. Mwaka 1998 Reed, mwanamume mweusi, alihukumiwa kifo na jopo la raia ambao wote walikuwa weupe. Mbegu zake zilikutwa katika mwili wa marehemu. Kwanza aliwaambia polisi kuwa hamjui binti huyo, baadaye akasema walikuwa na uhusiano wa siri, maana binti alikuwa na mchumba, na mchumba mwenyewe alikuwa askari polisi. Sifichi hilo, kwa sababu ndilo lililomtia hatiani na ndilo linalowafanya wengi wasimwamini.

Mama yake na ndugu zake hawakukaa kimya. Wamekwenda mahakamani, wamesimama barabarani na mabango, wamezungumza na kila aliyekubali kuwasikiliza. Moja ya mambo wanayoomba ni dogo mno: ule mkanda upimwe vinasaba. Anayemkaba mtu hushika kwa nguvu, na mkono unaoshika kwa nguvu huacha jasho na chembe za ngozi. Majibu yanaweza kumtoa mtoto wao, yanaweza pia kummaliza kabisa. Wao wanasema upimwe tu.

Mwaka 2014 mahakama ilikataa. Waendesha mashtaka walidai vielelezo vilihifadhiwa vikiwa vimechanganyika na kushikwa na watu wengi bila glavu, hivyo havikidhi masharti ya sheria ya jimbo kuhusu kupima. Nililisoma hilo mara mbili. Miaka yote hiyo vielelezo vilikuwa vikitunzwa na nani kama si ofisi za umma? Mzee wa ukoo akipoteza hati ya shamba, hatuwaambii yatima kwamba sasa hawana haki ya kuuliza.

Reed alipangiwa kuuawa kwa sindano tarehe 20 Novemba 2019. Wiki chache kabla ya siku hiyo kilio cha familia kilisikika dunia nzima. Watu karibu milioni 3 walitia saini ombi mtandaoni, wasanii kama Rihanna wakapaza sauti, na wabunge wa vyama vyote viwili wakamwandikia Gavana Greg Abbott. Zikiwa zimebaki siku 5, mahakama ya rufaa ya jimbo ikasimamisha hukumu hiyo. Mkanda, hata hivyo, haukupimwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba Reed hakuchelewa kufungua shauri la kudai kipimo. Yaani miaka 27 baada ya binti yule kufa, watu walikuwa bado wanabishana kama ruhusa ya kuuliza imepitwa na wakati.

Tusimsahau binti mwenyewe. Naye alikuwa mtoto wa mtu. Katika familia yake wapo wanaoamini Reed ndiye muuaji, na wapo waliojiunga na wanaomtetea.

Wapo wanaosema kesi imechoka, ifungwe. Hao wawaulize ndugu wa Ledell Lee, wa jimbo la Arkansas. Lee naye aliomba vielelezo vya kesi yake vipimwe, akakataliwa. Jimbo lilikuwa na haraka, kwa sababu dawa ya sindano ilikuwa inakaribia kuisha muda wake, na watu 8 walikuwa wamepangwa kuuawa ndani ya siku 11. Lee aliuawa tarehe 20 Aprili 2017.

Dada yake hakuacha. Alifungua kesi, na mji uliokuwa na vielelezo ukakubali kuvitoa. Majibu yalitangazwa mwaka 2021. Hayakumaliza ubishi wote, kwani unywele mmoja uliopimwa ungeweza kuwa wa Lee. Lakini kwenye mpini wa rungu lililotumika kuua, na kwenye shati lenye damu lililokuwa limelizungushia, vilikutwa vinasaba vya mwanamume mwingine asiyejulikana. Lee alikuwa kaburini kwa miaka 4.