Betri Haikuchoma Nyumba. Tuliichoma Sisi wa Klipu Fupi

Wasee, leo hakuna klipu. Leo ni maandishi, na ni marefu. Kama uko kwa matatu, soma polepole. Na kama una betri ya kujitengenezea inayochaji saa hii chini ya kitanda, kwanza enda uichomoe. Nitakungoja.

Umerudi? Sawa.

Mwezi wa Nane mwaka jana, siku chache tu baada ya uvuvi wa omena kufunguliwa, nilipigiwa simu usiku na kijana wa upande wa Sori, kaunti ya Migori. Akasema, "Omera, ni mimi yule nilikuuliza kuhusu ile bodi." Nikakumbuka mara moja. Nilikuwa nimeposti klipu ya sekunde hamsini: natoa seli kwa betri ya laptopu iliyokufa, naziunganisha safu tatu, nawasha taa ya LED, chumba chote kinang'aa. Watu wakapenda sana. Yeye akauliza kwenye maoni: naona kuna kibodi kidogo cha kijani hapo pembeni, mimi sina, nifanyeje? Nikamjibu kwa maneno matano: "Unganisha tu moja kwa moja."

Akaunganisha moja kwa moja. Saa nane mchana, jua kali, paneli iko juu ya mabati, betri iko ndani chini ya kitanda, ikawaka. Nyavu ya omena aliyoichukua kwa mkopo iliungua yote. Mdogo wake alikuwa amelala hapo, akaungua mguu. Yuko hai, anatembea, lakini ule mguu nimeuona.

Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri kiasi. Aliuliza tu, "Nilikosea wapi?" Na mimi, mtu wa maelfu ya wafuasi, sikuwa na jibu hapo kwa simu. Ilibidi niketi chini nipige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla sijabonyeza kuposti.

Hesabu yenyewe ni hii, na mtoto wa darasa la sita anaiweza. Seli ya kawaida ya laptopu ikijaa ni volti 4.2. Hapo ndipo mwisho. Ukiunganisha tatu mfululizo, kujaa kwake ni volti 12.6. Sasa huyu kijana alikuwa na kontrola ya sola iliyotengenezewa betri ya asidi, ile nzito ya gari. Kontrola hiyo husukuma mpaka karibu volti 14.4. Gawanya kwa tatu: 4.8 kwa kila seli. Kila jua linapowaka, alikuwa anazisukuma seli zake kupita mpaka, na hapakuwa na kitu katikati cha kusema basi. Kile kitu cha kusema basi ndicho kile kibodi cha kijani. Kinaitwa BMS. Hukata umeme seli ikijaa, hukata ikiisha kupita kiasi, hukata waya zikigusana. Nilimwambia akiruke.

Kwa hivyo ninapoandika haya sijiweki juu ya mtu. Lakini nina maneno na makundi mawili, na nitayasema.

Kundi la kwanza ni wale wa "lithiamu ni hatari, waachieni mainjinia". Mnaposema hivyo, mnamwambia nani? Enda Mbita, Sindo, Muhuru Bay jioni mwezi ukiwa haupo. Ziwa linawaka taa kama mji. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Bila taa hakuna samaki, bila samaki hakuna unga wala karo. Babu zetu walitumia karabai na mafuta ya taa, na mafuta yalikula faida kila usiku. Enda Macalder kule Nyatike, vijana wanaingia shimoni kutafuta dhahabu na taa kichwani. Hawa watu hawachezi na betri. Betri ndiyo jembe lao.

Tena hakuna kitu kigeni hapa. Kampuni ya taa ya Ujerumani, Osram, ilifungua kituo cha taa za sola Mbita mwaka 2008. Baadaye WeTu wakakodisha taa za lithiamu kwa wavuvi wa upande huo huo: mvuvi anachukua taa jioni, anairudisha asubuhi, inachajiwa kituoni. Ulinzi uko ndani ya taa na kuchaji kuna msimamizi. Kwa hivyo lithiamu na mvuvi wanaweza kuishi pamoja miaka na miaka. Shida ni kwamba kituo hakiko kila bichi, na kijana wa bichi ambayo haina kituo hatakaa gizani akisubiri injinia. Atafungua simu. Na kwenye simu atanikuta mimi.

Na msiniambie eti ni kwa sababu ni kazi ya mkono wa fundi wa kijijini. Mwaka 2013 ndege za Boeing 787 zilizuiwa kuruka dunia nzima kwa sababu ya betri za lithiamu. Mwaka 2016 Samsung walirudisha simu zao za Galaxy Note 7 kwa sababu hiyo hiyo. Hao walikuwa na mainjinia wa kutosha. Seli haiulizi cheti. Inauliza volti, joto na ulinzi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili wa umeme, karo ilikataa. Kwa hiyo miaka miwili nilichora saketi kwa karatasi na sikuwahi hata siku moja kuwekewa seli mkononi nikaambiwa, hii ikivimba fanya hivi. Mnakataza kitu ambacho hamjafundisha.

Kundi la pili ni sisi. Wenye klipu. Tunakata sehemu ya kupima seli kwa sababu inachosha. Tunakata sehemu ya BMS kwa sababu waya ni nyingi na muziki umeshaisha. Tunabakisha taa ikiwaka. Mtu akiuliza, tunajibu kwa maneno matano. Halafu tukisikia nyumba imeungua tunasema "pole, lakini yeye hakuwa makini". Manze, hapana. Ukimfundisha mtu nusu, ile nusu nyingine atajifunzia kwa moto.

Basi hii hapa nusu niliyoikata. Isome yote ama usiguse seli.

Moja, jua seli yako. Ile ya mviringo ya laptopu inaitwa 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ukiona imeandikwa 9,900 hiyo ni uongo. Za kampuni zinazojulikana hubeba takribani 2,000 hadi 3,600. Huna mashine ya kupima? Enda kwa mtu wa kununua dhahabu, ana mizani. Seli halali huwa karibu gramu 45. Ikiwa gramu 28, umeuziwa kopo. Iliyobonyea, yenye kutu, iliyochanika plastiki, iliyowahi kuanguka majini: weka kando, isirudi tena.

Mbili, pima volti moja moja. Ikiwa chini ya 2, imekufa. Usiifufue hata kama umeona mtu akiifufua kwenye klipu. Zilizobaki zichaji zijae, ziache wiki mbili, pima tena. Inayoshuka kivyake kuliko wenzake inavuja ndani. Itoe. Na usichanganye seli nzee na mpya, ama za uwezo tofauti, kwenye betri moja. Dhaifu itajaa mapema na kuisha mapema, na hapo ndipo joto linaanzia.

Tatu, usichome seli kwa solda kama huna mkono wa haraka sana. Joto lile linaingia ndani na kuumiza. Mafundi wazuri hutumia vibati vya nikeli na mashine ya kuchomelea nukta. Kama huna, lipa mwenye nayo. Na weka viringi vya karatasi ngumu upande wa chanya, kwa sababu kopo lote la seli ni hasi mpaka juu kabisa. Kibati kikikwaruza pale pembeni, umegusanisha chanya na hasi kwa mkono wako.

Nne, BMS. Safu tatu chukua ya tatu, safu nne chukua ya nne, na iwe ya kusawazisha seli. Zile waya nyembamba ziunganishe kwa mpangilio na uzipime kabla hujachomeka. Halafu weka fyuzi kwenye waya mkuu. Mtu atasema gharama. Ile ya safu tatu niliyonunua ya mwisho ilikuwa chini ya mia tatu. Nyavu iliyoungua nimekuwa nikichangia kuilipa tangu mwaka jana, na bado.

Tano, chaja iendane na betri. Safu tatu za seli za laptopu ni chaja ya volti 12.6, basi. Usitumie ya pikipiki, usitumie kontrola ya asidi. BMS si ruhusa ya kutumia chaja mbovu. Ni breki ya mwisho, na breki zinafeli. Kama tayari una mfumo wa sola wa volti 12 na huwezi kubadilisha kontrola, basi tafuta aina nyingine ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, LFP. Kila seli yake ina volti 3.2 na hujaa 3.65, kwa hivyo nne zinafika 14.6, karibu sana na kile kontrola yako inatoa. Tena hustahimili joto zaidi kabla ya kuwaka. Ni nzito kidogo na bei iko juu. Hata hiyo inataka BMS yake. Lakini kama ungekuwa ndugu yangu, hiyo ndiyo ningekununulia.

Sita, mahali pa kuchaji. Si chini ya kitanda. Si karibu na mlango mmoja tu mlionao, kwa sababu ikiwaka mtatokea wapi? Si kando ya petroli ya injini ya mashua. Weka juu ya saruji au mchanga, kivulini, kwa kasha lisiloungua, wewe ukiwa macho. Chini ya mabati saa nane mchana ni jiko. Ukiigusa ikiwa inaunguza mkono, chomoa uache ipoe nje. Chaji ya kwanza kabisa ifanyie nje ya nyumba.

Saba, ikianza kuvimba, kufoka au kutoa moshi wa harufu tamutamu ya ajabu, usiibebe kifuani kukimbia nayo. Toa watu kwanza. Moshi wake ni sumu. Ikiwa haijaunganishwa na stima ya ukutani, maji mengi ndiyo husaidia, kwa sababu yanapoza seli jirani zisiwake. Mchanga hufunika moto lakini joto linabaki ndani, kwa hivyo usidhani imekwisha. Inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Iache nje.

Hiyo ndiyo nusu. Imechukua dakika ngapi kusoma? Tano? Ndizo dakika nilizomnyima kijana wa Sori.

Sasa kuna mtu atasema, kwa kueleza hivi unawapa watu moyo wa kujaribu. Bana, wameshajaribu. Nilipita bichi tatu baada ya ile simu, mbili Homa Bay na moja Migori, na kila mahali nilioneshwa betri zimefungwa kwa mpira wa tyubu na mfuko wa nailoni. Ukikaa kimya hawaachi. Wanaendelea tu bila fyuzi.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kila bichi ina BMU, kamati ya wavuvi. Tuna BMU kila mahali lakini BMS hakuna. Kamati inunue mita moja, mizani moja na chaja moja nzuri, ikae kwa banda la bichi, mtu akileta betri ipimwe kabla haijaingia kwa mashua. Vyuo vya ufundi vya kaunti, Homa Bay na Migori, mnafundisha kufunga waya za nyumba. Ongezeni wiki mbili za betri, na mkubali fundi wa bichi aje bila kuulizwa alipata gredi gani. Miezi minne ya kufungwa kwa omena, Aprili mpaka Julai, vijana wamekaa tu. Hapo ndipo darasa liwe.

Na nyinyi wenye klipu wenzangu: ukiposti betri, onyesha BMS, taja volti ya chaja, sema mahali pa kuchajia. Ikifanya klipu iwe ndefu, iwe ndefu. Kama huwezi, posti densi. Densi haichomi mtu.

Ile klipu yangu sikuifuta. Nimeiacha, na jibu langu la maneno matano nimelibandika juu kabisa, na chini yake nimeandika kilichotokea. Nilimuomba yule kijana ruhusa kwanza. Alisema sawa, ila niongeze kitu kimoja: kwamba siku hizi ana betri nyingine, ya LFP, aliipima mwenyewe seli kwa seli, na inachajiwa nje, juu ya jiwe.

Kama unayo ya kwako, pima leo, useli mmoja mmoja usiogope kuonekana mshamba. Halafu niandikie kwenye maoni: safu ngapi, chaja volti ngapi. Nitajibu kila mmoja. Na safari hii sitajibu kwa maneno matano.