Mkuki Huteka Nchi, Hautoshi Kuitawala

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu, wanafunzi walimpigia makofi mengi msemaji aliyevisifu vita vya mfalme Kigeli Rwabugiri. Mimi sikupiga makofi, na wenzangu wengine walinuna. Naomba nafasi nieleze sababu yangu.

Ukisimama hapa Nyakabanda waona mlima Kigali. Nchi hii iliitwa Bwanacyambwe, na wafalme wa Rwanda na wa Gisaka waliigombea kwa muda mrefu. Katika karne ya 18 mfalme Cyilima Rujugira alizungukwa na adui watatu: Burundi, Gisaka na Ndorwa. Yeye hakupigana kisha akarudi nyumbani. Aliweka makambi ya askari mipakani, wakakaa huko siku zote. Mtoto aliandikwa katika jeshi la baba yake, na majeshi yalikuwa na makundi yao ya ng'ombe. Sisemi kwamba Rujugira alikuwa mpole, maana makambi hayo yalikula jasho la watu. Nasema alijua kwamba kushinda ni kazi ya siku moja, kukaa ni kazi ya miaka.

Rwabugiri naye alikuwa hodari. Alivuka ziwa Kivu akakitwaa kisiwa cha Idjwi. Lakini ni katika enzi yake wakulima walipotwishwa uburetwa, yaani kumfanyia kazi mkuu wa ardhi bila malipo. Alipokufa mwaka 1895, watu wa Idjwi walijitoa chini ya Rwanda. Gisaka nako, kulikotekwa katikati ya karne ya 19, kinyongo hakikuisha. Mwaka 1901 Rukura, wa ukoo wa wafalme wa zamani wa huko, aliinuka, na uasi wake ukazimwa kwa msaada wa Wajerumani. Baba zao walishindwa, lakini watoto hawakusahau!

Wako watakaosema kwamba pasipo mkuki Rwanda isingalikua. Ni kweli. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tukihesabu nchi zilizotekwa tu, bila kuuliza waliotekwa waliishije, tumesoma nusu ya historia.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, ambao leo mna watu chini yenu, jiulizeni: siku mtakapoondoka, watu hao watawakumbuka kwa lipi?

Mwenye mawazo mengine na aandike. Nitamsoma kwa furaha.