Vitabu vya Wasafiri wa Zamani: Tuvitafute, Lakini Tusivifanye Hakimu

Kuna watu kwetu, mu Masisi na mu Walikale, ambao wakisikia mutu anatafuta vitabu vya safari vya wakati wa Wabeleji, wanacheka. Historia yetu, wanasema, iko mu kinywa cha wazee. Vitabu vya watalii ni vya kazi gani? Kuna wengine nao wanatembea na fotokopi ya ukurasa mumoja mu mfuko. Penye kuko ubishi wa shamba au wa groupement, wanaifungua: angalieni, kitabu kimesema! Sisi tunakataa wote wawili, na hawa wa pili ndio tunawaogopa zaidi.

Kitabu kinachotajwa sana ni Guide du voyageur au Congo belge et au Ruanda-Urundi. Kilitolewa Bruxelles na Ofisi ya Utalii ya koloni mwaka 1949, kisha kikachapwa tena mu miaka ya 1950, hata kwa Kiingereza. Kilitungwa kwa mutu mwenye motokari na franga: barabara gani inapitika, kilometa ngapi, otele iko wapi, volkano na nyama za Parc Albert (ile ya 1925, ambayo leo ni Virunga) zinaonekana wapi. Mwenyeji akitajwa, anatajwa kama mutu aliyeonwa kupitia dirisha la motokari.

Sasa mutu anatuambia: jina la kijiji chenu haliko mule, basi hamukuwako. Ama: kabila fulani haliko mule, basi walikuja jana. Hesabu ya namna gani hii? Kijiji ambacho motokari haifiki hakina kazi kwa mtalii. Walikale ni pori kubwa, na njia za miguu ambazo wazee wetu walizipita na mizigo kichwani si za kuandikiwa otele.

Tena tusisahau nani alikitoa. Ni serikali ile ile ambayo, kuanzia 1937 hadi 1955, ilihamisha jamaa kutoka Rwanda na kuzileta Gishari na kwingine mu Masisi, kwa kazi iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Ni yenyewe tena iliyounda Comité National du Kivu mwaka 1928, ambayo iligawia makoloni ardhi. Serikali hiyo haikuwa na sababu ya kueleza mambo hayo kwa mgeni anayetafuta kitanda na supu ya moto. Anayetaka kujua nani alipewa nini, na mwami gani alikubali au alilazimishwa, aende ku barua za wakuu wa teritwari na ku arshivu za Ubeleji. Kitabu cha mtalii kikinyamaza, kimya chake si ushahidi kwa upande wowote. Watu walikufa juu ya maneno kama haya mu 1993, vita ilipoanzia Ntoto. Si mambo ya kuchezea na karatasi moja.

Kwa wale wanaocheka, tunawauliza: ni kinywa peke yake ndicho kilituletea Mwindo? Mwaka 1956 muzee Candi Rureke aliisimulia kwa Kinyanga mbele ya Daniel Biebuyck, ambaye pamoja na Kahombo Mateene aliitoa mu kitabu mwaka 1969. Kama hakuna aliyeandika, leo tungekuwa na vipande tu. Muzee akisema barabara ilifika kwao wakati wa ujana wake, kitabu cha 1949 na kile cha miaka iliyofuata vinaweza kutusaidia kujua ujana huo ulikuwa miaka gani. Kinywa na karatasi vinasaidiana.

Lakini fotokopi bila jina la kitabu wala mwaka haifai kitu. Mu darasa tunawaambia wanafunzi: angalieni majina. Ikisema Costermansville, ni ya mbele kuliko ile inayosema Bukavu. Ikisema Ruanda-Urundi kama inchi iliyoko, ni ya mbele ya 1962. Mutoto wa sekondari anaweza kufanya hivyo. Mukubwa mwenye cheo anashindwa nini?

Na nakala zenyewe ziko wapi? Vita zilitawanya nyumba za plantasio. Watawa wa Mokoto walikimbia mu 1996. Lava ya Nyiragongo ilikula sehemu kubwa ya katikati ya Goma mu Januari 2002. Mutu anayekimbia anabeba mutoto na sufuria, habebi vitabu. Kwa hiyo tuulize kwanza masanduku ya makarani wa zamani na makabati ya paroasi, mbele ya karatasi hizo kufungia karanga.

Zilizobaki nzima ziko zaidi Ulaya, kwa wauza vitabu vya zamani. Tunaomba shirika letu linunue nakala moja kamili, iwekwe mahali ambapo Muhunde, Munyanga, Muhutu, Mututsi na Mutembo wote wanaweza kuifungua. Ndugu walioko Bruxelles, wanaotutumia nguo, wanaweza kuitafuta. Waangalie tu kama karta iliyokunjwa haijatoka, juu kuna wauzaji wanaoing'oa na kuiuza peke yake.