KIMO CHA MAMA NA MWENDO WA MLIMA

Katika kliniki zetu za wajawazito ipo desturi ya siku nyingi ya kumpima mama kimo. Akipungua sentimita 150, huandikiwa katika kadi yake akajifungulie hospitali, kwa kuhofia kwamba nyonga zake ni finyu. Mwenzake aliye mrefu hurudi nyumbani kwa moyo mkunjufu. Kipimo hiki si cha kupuuzwa. Lakini huko Mgeta, Kinole na Kibungo Juu kimebebeshwa mzigo kisiouweza.

Tutazame njia yenyewe. Fupanyonga ni pete ya mifupa, iliyofungwa mbele kwenye kinena na nyuma chini ya uti wa mgongo. Mlango wake wa juu ni mpana zaidi ubavuni, yapata sentimita 13; wa chini ni mpana zaidi kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo kichwa cha mtoto, ambacho upana wake ni kama sentimita 9 na nusu, hakina budi kuinama na kugeuka humo ndani ndipo kipate kutoka. Mifupa ya kichwa hicho haijaungana, nayo hupandana kidogo; kano za mama hulegea; akichuchumaa, mlango wa chini hupata nafasi zaidi. Ndiyo maana hata picha za eksirei za kupimia nyonga zimeongeza upasuaji bila kuthibitika kuwa zinaokoa watoto. Mama mfupi huzaa salama, na mrefu hukwama kwa sababu mtoto amekaa vibaya.

Wa kuhofiwa mapema ni binti mdogo. Nyonga huendelea kupanuka hata baada ya kimo kukaribia kukoma. Waluguru wa zamani walimweka mwali ndani, pengine kwa miaka, kabla ya kumtoa kwa ngoma. Hatusemi turudi huko, maana ndani hamna shule wala jua. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 uliwakuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kushika mimba.

Kwa wengine wote, ukweli hujulikana uchungu ukianza. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, katika mji ambao leo ni Harare, walitoa chati ya kufuatia kufunguka kwa mlango wa kizazi. Walichora mstari wa tahadhari, na mbele yake, kwa tofauti ya saa 4, mstari wa kuchukua hatua. Saa hizo hazikutokana na maumbile ya mwanamke. Ziliwekwa ili mama apate muda wa kutoka kliniki ndogo hadi hospitali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umeiacha mistari hiyo, kwani wanawake wengi huenda polepole bila madhara; lakini safari haijafupika.

Nani asiyejua safari ya Uluguru wakati wa masika? Mama hushushwa kwa machela, mabegani mwa vijana, katika tope. Kichwa kilichokwama hubana nyama dhidi ya mfupa hadi nyama ikafa. Akinusurika, hubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kikomo. Na kabla ya machela kuinuliwa, wapo bado wanaomtaka ataje wanaume aliotembea nao ili mtoto atoke! Saa inayopotea kwa mahojiano hayo hairudi.

Kazi kubwa imefanyika, na ni haki kuisema. Vifo vya wazazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa 2015/16, vilikadiriwa kuwa 104 mwaka 2022. Mwaka huo huo mpango wa m-mama ulizinduliwa kitaifa, na simu ya bure 115 huita gari la dharura. Ila gari halipandi pasipo na barabara.

Kwa hiyo tunawataka madiwani na makatibu wa Chama wa kata za mlimani wapeleke kwenye vikao vyao hesabu moja: kutoka kila kijiji hadi penye chumba cha upasuaji ni saa ngapi wakati wa kiangazi, na ni ngapi wakati wa masika. Inapozidi 4, mama, awe mrefu awe mfupi, ashushwe mapema apewe mahali pa kungojea karibu na hospitali, na Halmashauri itenge fedha za nyumba hiyo. Hesabu hiyo isomwe kabla ya mvua za Machi.